Tunalilia Nyumbani kwa Jasho la Mtu

Nimeshika kalamu kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu ile hafla yetu ya kuwakaribisha wenzetu wa mwaka wa kwanza. Najua wengine mtanuna. Nuneni tu, ila someni mpaka mwisho.

Kwa mlioko Ulaya na Marekani, mjue kwamba huku Jozi kalenda imekaa kinyume. Februari na Machi ndio mwisho wa kiangazi, na kiangazi chenyewe ni cha mvua. Asubuhi jua kali, saa kumi jioni radi zinapasuka mpaka madirisha ya bweni yanatetemeka, saa moja mbingu safi kama hakikutokea kitu. Barabarani wanachoma mahindi. Ile harufu ya mahindi na udongo uliolowa ndiyo inayotumaliza. Unasimama pale Braamfontein na begi la vitabu mgongoni, akili iko Tanga, iko Kisumu, iko Bukavu. Muhula ndio kwanza umeanza, Desemba iko mbali, na nauli ya ndege haishikiki.

Basi katika hali hiyo tukamwita Mjomba aje kutuimbia.

Jina lake silitaji. Ni mtu wa Tanga, mpiga gitaa na mwimbaji, yuko Sauzi tangu miaka ya tisini. Alituimbia saa tatu nzima. Aliimba za Kitanzania, za Kikenya, akawapa na Wakongo zao. Dada mmoja wa Mombasa alilia mpaka akatolewa nje kupunga hewa. Wengine tulishika simu juu tunarekodi kuwatumia walioko nyumbani. Saa tano usiku ukumbi ukafungwa. Tukampa Mjomba sahani ya pilau, nyingine tukamfungia, tukamwambia, "Asante sana Mjomba, Mungu akubariki."

Basi. Daladala za huku, ambazo wao wanaziita teksi, saa ile hazipo. Akalala kwenye kochi la mwenzetu mmoja, gitaa kichwani.

Siku ya nne nilimpelekea waya wake aliousahau ukumbini. Anakaa Yeoville, chumba kimoja, jirani na lile soko ambalo wengi wetu huenda kutafuta dagaa na mihogo. Nilimkuta mlangoni na meza yake, anatengeneza redio ya mtu. Juu ya jiko kuna sufuria inachemka. Nikadhani chai. Kumbe ni nyuzi za gitaa! Nyuzi zikichakaa zinachemshwa ili sauti irudi kidogo, maana mpya ni bei. Alfajiri yuko mezani na redio za watu, mchana anafanya mazoezi taratibu jirani asigombe, Ijumaa mpaka Jumapili anapiga kwenye baa na harusi za Wakongo. Baa nyingine inamlipa kutokana na kiingilio, watu wasipokuja anarudi mikono mitupu.

Nikamuuliza, "Mjomba, hukumbuki nyumbani?"

"Nakumbuka sana. Lakini nyie mkikumbuka mnakaa kitako mnasikiliza. Mimi nikikumbuka inabidi nisimame niimbe, na kodi ya chumba iko palepale."

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati. Nakumbuka bajeti yote: ukumbi tulilipa, mwenye spika tulimlipa nusu kabla hajashusha hata boksi moja, nyama na mchele tulilipa, hata puto tulinunua. Mwenye spika angesikia habari ya "Mungu akubariki" angepakia vyombo vyake akaondoka. Ila mtu aliyetufanya tulie, huyo tulimwona ni ndugu. Na ndugu, eti, halipwi.

Jamani, huu sio utamaduni wetu, tusijidanganye. Nani hajaona taarab kwao? Wimbo ukimgusa shangazi, anainuka kwenye kiti, anakwenda kwa mwendo wa maringo mpaka mbele, anamtuza mwimbaji noti na watu wote wanaona. Kutuza ndiyo heshima yenyewe. Tumekuja ughaibuni tumebeba vilio vya nyimbo, noti ya shangazi tumeiacha kule kule.

Na mji huu ndio usiotakiwa kabisa kutusahaulisha jambo hili. Mwaka 1939, hapa hapa Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi Mbube katika studio za Gallo. Inaelezwa aliuza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia, ukabadilishwa jina na maneno, ukaingia mpaka kwenye filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Mwenyewe alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, mjane hakuwa na pesa ya jiwe la kaburi. Familia ilikuja kufikia makubaliano ya malipo Februari 2006. Hesabuni miaka.

Halafu Miriam Makeba, mzaliwa wa mji huu, tarehe 4 Machi 1932, mwisho wa kiangazi kama huu wetu. Mwaka 1960 alitaka kurudi kumzika mama yake, akaambiwa pasipoti yake imefutwa. Alirudi mwaka 1990. Sisi tunaimba Malaika, wimbo wa kwetu ambao yeye aliusambaza duniani, na ambao mpaka leo Wakenya na Watanzania wanabishana nani hasa aliutunga. Tunaimba huku tunalilia kukosa pilau ya Idi. Yeye alikosa nyumbani miaka thelathini, na jioni bado alitakiwa apande jukwaani. Fadhili William naye, aliyeirekodi Malaika kule Kenya, aliishi Marekani miaka mingi kabla ya kurudi, akafariki Februari 2001. Wimbo ulitangulia kutajirika, watu wake wakaachwa nyuma.

Najua jibu lenu: "Sisi wanafunzi, hatuna kitu." Ni kweli. Ada inauma, na kuna wenzetu mwezi ukifika tarehe ishirini wanaishi kwa mkate na chai. Lakini tulikuwa watu zaidi ya sitini mle ukumbini. Kila mtu angetoa randi 10 tu, Mjomba angeondoka na zaidi ya 600. Tatizo letu siku ile halikuwa ufukara. Hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Kwa hiyo naomba kamati mpya ichukue haya. Bei ipatanwe mapema, na iandikwe kwenye bajeti kabla ya puto. Usafiri wa kuja na kurudi ni juu yetu. Sahani ya kutuza irudi, ipite kila meza. Na kabla hujainua simu kurekodi, muulize mwenyewe kwanza, maana kile unachokituma nyumbani bure ndicho anachokiuza.

Jumapili iliyopita nilirudi Yeoville. Tulichangishana watu wachache tukapata randi 400. Nikampa kwa mikono miwili, nikaomba radhi kwa niaba ya jumuiya. Nilitegemea atakataa kidogo, si unajua adabu za watu wa pwani. Hakukataa. Alizihesabu mbele yangu moja moja, akaziweka mfukoni, akasema, "Ahsante mwanangu. Zimebaki mia mbili."

Mia mbili hizo ni zetu sote. Mwenye chochote anione. Ni mtazamo tu, mwenye lake na aandike toleo lijalo.