Mabingwa wa barafu sebuleni

Februari 2022, michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipokuwa ikiendelea kule Beijing, mama yangu alikuja kututembelea jijini. Watoto walikuwa wameng'ang'ania runinga, naye akaketi nao na kikombe chake cha chai.

Kwanza tukaonyeshwa kalingi. Mchezaji anapiga goti, anasukuma jiwe la kilo 20 hivi juu ya barafu, kisha wenzake wawili wanalitangulia mbiombio wakifagia kama waliorogwa.

"Wanangojea mgeni gani?" mama akauliza.

Nikamweleza kuwa wanafagia ili jiwe lifike mbali zaidi. Akamtazama mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa ametumwa kufagia veranda tangu asubuhi, kisha akanywa chai yake kimya. Kijana alielewa.

Halafu akaja bwana mmoja aliyelala chali kwenye kibao, miguu mbele, akiteremka mfereji wa barafu kwa zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Ghafla mtangazaji akapiga mayowe: amekosea vibaya! Picha ikarudiwa polepole mara tatu. Kosa hatukuliona. Kumbe alikuwa amepoteza sehemu chache za elfu moja za sekunde! Kwa maoni ya mama, kosa la bwana yule lilikuwa kukipanda kile kibao.

Watangazaji hao ndio hunivunja mbavu. Miaka minne hawaitaji michezo hiyo, lakini Februari yake ikifika, kila mmoja ni profesa wa theluji. Tena ugonjwa huo unaambukiza. Siku ya tatu wanangu, ambao barafu wanayoijua ni ya kutia kwenye soda, walikuwa wakilalamika kwamba mwanamke wa Ujerumani hakukunja goti sawasawa.

Hapo ndipo mama alipouliza, "Na yule wetu mliyemcheka, aliishia wapi?"

Nikainamisha kichwa. Alikuwa akimzungumzia Philip Boit, mkimbiaji kutoka upande wa Eldoret, aliyetuwakilisha Nagano, Japani, mwaka 1998 katika mbio za skii za kilomita 10. Alikuwa na takriban miaka miwili tu tangu aanze kujifunza skii. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27. Boit alitumia dakika 47, akawa wa mwisho kati ya waliomaliza. Habari ilipotufikia, watu wazima walicheka, nasi watoto tukacheka zaidi yao. Mkenya wa mwisho kwenye mbio! Nani aliwahi kusikia?

Kwa hivyo nikawasimulia wanangu lile ambalo mimi mwenyewe nilikuja kulijua baadaye. Dæhlie hakuondoka. Alisimama kwenye utepe, sherehe ya medali ikangoja, mpaka Boit alipofika, akamkumbatia. Boit naye alirudi kwenye Olimpiki ya 2002 na ya 2006, na mwanawe mmoja akamwita Dæhlie.

Mama akatikisa kichwa. "Nyinyi mliocheka mlikuwa mmeketi," akasema. "Aliyemngoja ndiye aliyeijua ile njia."

Hakuna aliyemjibu. Baada ya kitambo kidogo tukasikia ufagio ukianza kazi kule veranda. Mama akachukua kikombe chake, akaenda kusimama mlangoni mpaka kijana alipomaliza.