Myanmar: Matamko pekee hayatoshi

Mataifa ya Magharibi yanayojinadi kuwa watetezi wa demokrasia yanapaswa kuziba haraka mianya ya fedha na mafuta ya ndege inayouweka hai utawala wa kijeshi wa Myanmar, kwani matamko ya kulaani hayajawaokoa raia.

Jeshi lilipindua serikali Februari 1, 2021, likamkamata Aung San Suu Kyi, ambaye chama chake kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa Novemba 2020. Wananchi hawakunywea. Madaktari, walimu, wafanyakazi wa reli na wa benki waligoma. Usiku watu waligonga sufuria majumbani. Wakajibiwa kwa risasi, na vijana wengi wakaishia kushika silaha msituni.

Vikwazo vipo, lakini vilikuja kwa kusuasua. Umoja wa Ulaya uliliwekea vikwazo shirika la mafuta na gesi la serikali, MOGE, Februari 2022. Marekani ilingoja hadi Oktoba 2023 ndipo ikazuia huduma za fedha kwa shirika hilo. Gesi ni chanzo kikuu cha fedha za kigeni za watawala hao. Kusita huko kuliwaachia fedha za mabomu yanayoangushwa vijijini, na hakuna utetezi wa hilo.

Ni kweli, China na Urusi zinalikinga jeshi hilo katika Baraza la Usalama. Lakini kura ya turufu haiizuii nchi yoyote kuzibana benki zake na kampuni zake za bima zinazohudumia shehena za mafuta ya ndege. Wenye mamlaka hayo wayatumie sasa.