Lumuma si virusi, ni volti!

Kijana mwenzangu mwenye stesheneri Lumuma, kompyuta ikijizima saa mbili usiku usikimbilie kumlipa fundi eti afute virusi. Danganya toto hiyo! Mwambie alete mita, apime soketi mchana, arudie usiku watu wakishawasha pasi na majiko. Kiwango chetu ni volti 230. Zikiporomoka kila inapozima, andika tarehe, saa na volti, peleka malalamiko ofisi ya umeme. Zikisimama sawa na bado inazima, hapo jaribu pawasaplai nyingine.

Vigogo wanatutambia megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere. Hongera zao. Lakini mlalahoi wa mwisho wa laini anataka volti zake, jamani. Luku amelipia kabla hajawasha.