Nyasi Zenye Kauli

Hakuna methali iliyotumikishwa na watunzi wa vita kuliko ile ya tembo wawili wapiganao na nyasi ziumiazo. Kila bunduki zinapolia Burundi au Kongo, shairi huandikwa Dar es Salaam au Unguja, tembo wakalaaniwa, nyasi zikaliliwa, na mtunzi akalala na dhamiri iliyotulia. Uchungu wa mashairi hayo ni wa kweli, na asiyeuona hana haki ya kuyahukumu. Ila yana kasoro moja kubwa: nyasi zake hazisemi. Zimelazwa chini, bubu, zikingoja kuhurumiwa.

Mtunzi huyo angepanda milima iliyo kaskazini ya mji wa Kigoma hadi Kalinzi, penye mibuni na migomba ya Waha, na mpaka wa Burundi u jirani, angezikuta nyasi zinasema, tena zinabishana.

Zina sababu. Vita vya Burundi vilizuka Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, vikadumu kwa zaidi ya miaka 10. Vya Kongo vilianza 1996, na mashariki ya nchi hiyo haijatulia tangu hapo: Goma iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Kwa miaka yote hiyo mkoa wa Kigoma umepokea watu kwa malaki. Majina ya Mtabila, Muyovosi, Nduta na Nyarugusu yamekuwa majina ya miji isiyokuwamo katika ramani za shule. Mei 2015, Burundi ilipochafuka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza, makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni. Kipindupindu kikaingia, na meli kongwe Liemba ikawa inawasomba hadi Kigoma mjini.

Aliyeishi jirani na moto huo kwa miaka 30 atakosaje rai? Wapo wasemao wakimbizi wapokewe. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana; avukaye mpaka usiku na mtoto mgongoni haombi maji kwa ishara, huyaomba kwa maneno ambayo mwenyeji ameyanyonya kwa mamaye. Isitoshe, mwenye shamba anajua ni mikono ya nani iliyompalilia kwa ujira mdogo. Wapo wasemao warejee kwao. Hao wanakumbuka miaka ambayo mabasi ya Kigoma yalisindikizwa na polisi wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Wanakumbuka vilima vilivyokuwa na miti. Na kijana asiye na shamba anaujua ule ujira mdogo kwa upande wake wa pili.

Juu ya vita vyenyewe hawaafikiani pia. Kuna aliyeitumainia meza ya Arusha, aliyoisimamia Mwalimu Nyerere hadi kufa kwake Oktoba 1999, kisha Nelson Mandela, hadi mkataba ukatiwa saini Agosti 2000. Kuna aliyesema karatasi haizimi risasi, na kweli risasi ziliendelea baada ya saini. Kuna anayetaka Tanzania itume jeshi, kama ilivyofanya Uganda mwaka 1979 na Kongo mwaka 2013. Na kuna anayejibu kwamba kila askari ana mama, akiwakumbuka Watanzania waliouawa Semuliki Desemba 2017.

Mara nyingi kauli hizi zinazopingana hukaa katika kinywa kimoja. Muuza maharage aweza kumpimia mkimbizi kibaba cha bure asubuhi, na jioni akaomba kambi zifungwe. Wenye elimu wakimsikia husema: huyu hajui atakalo. Wanakosea. Anajua mambo mawili ambayo wao wamechagua kujua moja tu kati yake.

Ushahidi upo. Kambi ya Mtabila ilifungwa Desemba 2012 kwa hoja kwamba Burundi imetulia. Haikutimia miaka mitatu Kagunga ikafurika. Basi aliyenong'ona kwamba vita havijaisha hakuwa mjinga, na aliyelia kwamba mzigo umezidi hakuwa katili. Wote wawili waliona sawasawa. Hata serikali, ambayo hakuna anayeiita kigeugeu, imekuwa na kauli mbili: mwishoni mwa 1997 jeshi liliwakusanya Warundi waishio vijijini mwa mpakani na kuwapeleka kambini, wakiwamo waliokwisha kuishi humo miaka mingi, hata waliooana na Watanzania, na mwaka 2014 Warundi zaidi ya 160,000, wa ukimbizi wa 1972 na vizazi vyao, wakapewa uraia. Likitendwa na dola huitwa sera. Likisemwa na mkulima huitwa ujinga.

Wanaomnyima mkulima huyo sauti ni wa namna mbili. Wa kwanza ni msifiaji. Huyu huja na hotuba ya ukarimu wa watu wa Kigoma, na ukarimu ukishatangazwa, mwenyeji hawezi tena kusema kwamba kisima kimekauka bila kuonekana amevunja sifa yake mwenyewe. Wa pili ni mshukiwaji, naye ni mbaya zaidi. Huyu humtazama Muha na kumwuliza: wewe ni wa upande gani wa mpaka? Waha wamelalamika mara nyingi kwamba uraia wao hutiliwa shaka kwa sababu ya lugha na sura, na operesheni ya Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowasaka wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, haikuipunguza hofu hiyo.

Hapa ndipo penye jambo zito. Pale ambapo uraia wa mtu unapimwa kwa sikio, rai yake juu ya vita vya jirani huwa si rai tena, huwa mtihani. Akimtetea mkimbizi, ajiweka katika hatari ya kudhaniwa ni mkimbizi. Akimshutumu, amejipatia cheti cha Utanzania bila kwenda ofisini. Kwa hiyo kila anayehesabu sauti kali za mpakani na kuziita chuki, na ajiulize ni ngapi kati yake ni hofu iliyovaa nguo ya chuki.

Msomaji wa visiwani asiyasikilize haya kama habari za bara. Baada ya mauaji ya Januari 26 na 27 mwaka 2001, zaidi ya watu 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, na Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imetoa wa kwake. Wenyeji wa Shimoni nao walikuwa na visima na vyungu vya kuhesabu. Aliyeshuka jahazini usiku ule hakuhitaji mwenyeji asiye na shaka hata chembe. Alihitaji mlango ufunguliwe, na mlango unaofunguliwa na mtu mwenye shaka ni mlango vilevile. Ndio mlango ambao Kalinzi na jirani zake wameufungua mara nyingi, wakibishana huku wakifungua.

Pwani haikosi chombo cha kuyabeba mabishano haya. Malenga wake walikuza sanaa ya kujibizana: mmoja hufumba, mwenzake hufumbua, na wa tatu hukataa ufumbuzi.  Imekuwaje basi, vita vikitajwa, malenga huimba peke yake, tena kwa niaba ya watu ambao hajawasikia? Anayetaka kuandika juu ya Kongo na Burundi na aanze kwa kumpa mkulima wa mibuni ubeti wake, na kibarua wake ubeti wa kumjibu, bila kuharakisha kuwapatanisha katika kituo. Akiogopa kwamba shairi hilo halitakuwa na msimamo, na ajue kwamba lile la nyasi bubu halikuwa na hata mtu.