Mpuliza Pembe Naye Ni Mwindaji

Yapo maneno mawili yanayosemwa juu ya pembe, nami nayapinga yote mawili. La kwanza husemwa na vijana: kwamba anayebeba pembe mawindoni ni mwoga aliyejificha nyuma ya migongo ya wenzake. La pili husemwa na watu wenye huruma, na hao nawaogopa zaidi: kwamba mwenye pembe ni mtu mwema anayejitolea, aliyekubali kukaa kando ili wengine wang'are. Neno hili la pili lina sura ya sifa, lakini ni tusi lililovishwa nguo za Jumapili.

Nazungumzia mchezo wa kwenye runinga. Msomaji wa rika langu asifunge kitabu bado. Mchezo huo unaitwa Monster Hunter, hutengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2004. Ndani yake mnawinda madubwana: wenye mabawa na kutema moto, wenye pembe na kuchimba mchanga, wakubwa kuliko basi la kwenda Songea. Wawindaji wasiozidi wanne huweza kuungana, kila mmoja akiwa na silaha yake. Katika toleo tulilo nalo hapa nyumbani Njombe, Monster Hunter: World la mwaka 2018, zimo aina 14 za silaha. Kuna upanga mrefu kama mtu, kuna nyundo, mikuki, pinde, hata bunduki. Na kuna pembe, iliyoingia katika mchezo mwaka 2006. Ni chombo cha muziki kikubwa kama gogo. Mwindaji hukibeba mgongoni, hukipiga nacho mnyama, kisha hukipuliza.

Mashine yenyewe ni ya mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu. Shangazi yake wa Dar es Salaam alimletea ikiwa imekwisha kutumika. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane baridi ya Njombe hutufungia ndani, na mzee wa miaka 74 hawezi kusikiliza taarifa ya habari mchana kutwa. Basi nikajifunza. Nilichagua pembe kwa sababu niliwahi kufundisha bendi ya shule, ngoma na filimbi, na nilitaka kuona Wajapani wamefanya nini na muziki katikati ya vita. Mjukuu naye akanifuata katika pembe.

Sasa sikiliza kilichotokea. Likizo iliyopita mjukuu huyo alikwenda Makambako kwa mama yake mdogo. Ni mwendo wa kilomita 60 hivi, lakini kwa kijana ni kama kwenda Ulaya: pale barabara ya Songea inakutana na barabara kuu ya Mbeya, pana stesheni ya TAZARA, pana kelele na watu wa kila namna. Akaingia katika kibanda kimoja cha gemu. Vibanda hivyo kwa kawaida huchezwa mpira, lakini hicho kilikuwa na mashine mbili zenye mchezo wetu, zimeunganishwa kwa intaneti. Akalipa fedha ya nusu saa, akachagua pembe. Vijana wakubwa wakamwambia, "Dogo, weka hiyo filimbi. Hapa tunaua, hatuimbi." Alipokataa wakamnyang'anya pedi, na fedha yake hakurudishiwa.

Jioni akanipigia simu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona sauti imekuwa ndogo?"

Akanieleza. Nikamwuliza aliwajibu nini.

"Niliwaambia hata babu yangu anapiga pembe. Wakacheka zaidi."

Kisha akasema jambo lililonifanya niandike kurasa hizi: kwamba akirudi Njombe ataanza kujifunza upanga.

Kwanza nieleze kazi ya pembe, maana wengi wanaoicheka hawajawahi kuishika. Kila pembe ina noti tatu, zenye rangi tatu. Ukibonyeza pembetatu kwenye pedi, mwindaji hupiga pigo la kushoto, na pigo hilo huzaa noti ya kwanza. Ukibonyeza duara, hupiga kulia, noti ya pili. Ukibonyeza vyote viwili kwa pamoja, hupiga kwa kurudi nyuma, noti ya tatu. Noti hujipanga juu ya kioo kama kwenye karatasi ya muziki, mwisho nne. Ya tano ikiingia, ya kwanza hutoka. Zikijipanga kwa utaratibu unaofaa, wimbo umepatikana. Hapo unabonyeza kitufe kingine, mwindaji anauinua mzigo ule na kuupuliza, na nguvu za wimbo huwaingia yeye na wenzake.

Zipo nyimbo za kuongeza nguvu ya mapigo, za kuongeza ulinzi, za kuponya majeraha, za kupunguza uchovu. Baadhi ya pembe zina wimbo wa kuziba masikio. Huo ndio niupendao kuliko zote. Mnyama akinguruma, wawindaji hushika masikio na kusimama kama watoto waliosikia radi, na hapo ndipo hupigwa. Lakini wimbo ukiwa umekwisha kupulizwa, mnyama hunguruma bure nanyi mnaendelea kukata. Kila pembe pia ina wimbo wake mwenyewe mpulizaji, wa noti moja kupigwa mara mbili: humwongezea mwendo, na mapigo yake hayadundi tena juu ya magamba magumu.

Nyimbo hizi hazidumu. Huisha baada ya muda, na mpulizaji ndiye anayepaswa kukumbuka upi unakaribia kuisha. Pembe moja si sawa na nyingine, rangi hubadilika na nyimbo hubadilika. Mimi nimeziandika nyimbo za pembe tano katika daftari la maandalio ya masomo lililobaki tangu nilipostaafu, na kila jioni kabla ya kuwinda nalifungua kama nilivyofungua andalio la somo kwa miaka zaidi ya thelathini. Katika toleo hili waweza kuweka akiba ya nyimbo tatu na kuzipuliza mfululizo, na ukibonyeza tena mara baada ya kupuliza, wimbo hurudiwa na kuongezwa nguvu. Mwenye upanga ana mambo mawili ya kutazama, mnyama na upanga wake. Mwenye pembe anamtazama mnyama, anatazama noti, anahesabu muda, na anawatazama wenzake watatu walipo na jinsi damu yao inavyopungua. Nani hapa aliyejificha?

Lakini hoja yangu kubwa haipo hapo. Ipo katika jambo ambalo hata watetezi wa pembe hulisahau: noti hutoka katika pigo. Anayesimama kando akipunga pembe hewani atapata noti, naam, mchezo unamruhusu, lakini huyo hajaijua silaha. Aliyeifuzu huingia kwenye kichwa cha mnyama, kwa sababu pembe ni kitu butu, na kitu butu kikikipiga kichwa mara nyingi mnyama hupigwa bumbuwazi akaanguka. Pigo la kushoto kichwani, noti. Pigo la kulia kichwani, noti. Mnyama anaanguka, na wakati huohuo wimbo umekamilika. Unaupuliza ukiwa bado mbele ya meno yake, na hata ule mwendo wa kupuliza ni pigo jingine. Kwa hiyo msaada wake hautoki pembeni mwa kazi, unatoka ndani ya kazi yenyewe. Ndiyo maana nawakataa wale wenye huruma. Hawajasema uongo kwamba pembe husaidia; wamesema uongo kwamba anayesaidia amekaa chini.

Mtu wa nchi hii hahitaji kufundishwa jambo hilo na Wajapani. Nani hajakimbia mchakamchaka? Alfajiri, baridi, miguu mitupu, na mbele yupo mmoja anayeanzisha wimbo. Aghalabu hakuwa mwenye mbio kuliko wote. Lakini alikimbia umbali uleule tuliokimbia sisi, na juu ya mbio zake akaongeza kuimba, tena kuimba kwa kutangulia, ambako kunakula pumzi kuliko kuitikia. Siku akiugua, mstari wote hukatika vipande kabla ya kufika barabarani. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa mwanachuo Butimba, Mwanza, niliona vikundi vya walimaji wa Kisukuma vikilima kwa ngoma, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja kana kwamba yana mkono mmoja. Siku hizi bugobogobo watu huiona jukwaani tu, wakadhani ilizaliwa huko. Kule shambani sikumsikia mtu akimwuliza mpiga ngoma amelima matuta mangapi.

Basi vijana wa Makambako wamelipata wapi swali hilo? Nadhani najua. Katika mchezo, kila unapopiga, namba hutokea juu ya mnyama kuonyesha pigo limeumiza kiasi gani. Upanga mkubwa ukishuka vizuri hutoa namba nono, na kijana hufurahi. Pigo moja la pembe hutoa namba ndogo. Lakini tuwe watu wa hesabu. Nikipuliza wimbo wa nguvu, namba za wenzangu watatu zote huongezeka, na nyongeza hiyo huandikwa juu ya mapanga yao. Nikiziba masikio yao wakapiga badala ya kusimama, mapigo hayo huhesabiwa kwao. Na kuna sheria nyingine: katika mawindo mengi, kikundi kikizimia mara tatu kwa jumla, yeyote awaye aliyezimia, mawindo yamekufa na wote hurudi mikono mitupu. Hakuna namba inayotokea juu ya kichwa cha mtu ambaye hakuzimia kwa sababu wimbo wa ulinzi ulikuwa haujaisha.

Mwalimu yeyote anaijua hesabu hii mbovu. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora wa kidato cha nne, nilifurahi peke yangu sebuleni. Lakini shule ninazozijua bado hubandika ukutani orodha ya nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuona fomu ya maendeleo yenye mahali pa kuandika kwamba mtoto huyu, wa 19 kati ya 60, ndiye anayewaeleza wenzake hesabu baada ya mwalimu kutoka, na kwamba watano kati ya kumi wa kwanza wamepitia mikononi mwake. Watoto wanaolelewa na orodha hizo wakipewa pedi wataona namba tu. Siwalaumu sana. Ila wanapomnyang'anya mwenzao, hapo nawalaumu.

Niseme pia juu ya waliotengeneza mchezo, kwa maana nao wamenikera. Toleo la Monster Hunter Rise lilitoka mwaka 2021, nasi tulilipata baadaye lilipofika kwenye PlayStation mwaka 2023. Humo pembe imerahisishwa. Piga noti ileile mara mbili, wimbo umekwisha kulia. Wengi walishangilia, na ni kweli watu zaidi waliishika pembe. Mjukuu alisema, "Babu, hii ni tamu, haina kukariri." Nikamjibu kwamba kinanda kinachojipiga chenyewe nacho hakina kukariri. Mwendo wake mpya ni mzuri, sikatai. Unacheza nayo kama mtu wa sarakasi. Lakini waliondoa kile kilichomfanya mpulizaji afikirie mapigo manne mbele: nikipiga kushoto sasa nitapata rangi hii, kwa hiyo mnyama akigeuka itanibidi nipige kwa kurudi nyuma. Huko ndiko kulikokuwa ufundi. Pembe ilidharauliwa kwa kuwa ngumu, nao wakatibu dharau kwa kuondoa ugumu. Ni kama kumfutia mtoto somo la hesabu ili asifeli. Toleo la mwaka 2025, Wilds, halifanyi kazi katika mashine yetu, kwa hiyo silisemi.

Mjukuu amekwisha kurudi. Ameanza upanga, na anaujua upesi, ana mkono. Sijamkataza, maana silaha ni yake na mashine ni yake. Nimemwomba kitu kimoja tu: kwa mwezi huu awinde akiwa na mwenye pembe katika kikundi siku moja, na siku ya pili bila, aandike dakika za kila windo na mara walizozimia. Daftari nimempa, lenye safu mbili.

Na ninyi vijana wa kibandani, kama kurasa hizi zitawafikia, kaeni hapohapo Makambako na mapanga yenu, mimi nitakuwa hapa Njombe na pembe yangu, intaneti ituunganishe Jumamosi yoyote kuanzia saa nane mchana. Chagueni mnyama ninyi wenyewe. Umeme nitaununua wa kutosha. Ila mtoto yule mrudishieni kwanza fedha yake ya nusu saa.