Kipima kina huonyesha samaki, hakisemi watabaki wangapi

Mfanyabiashara wa samaki wa mwambao amezoea kuombwa vitu vitatu na mvuvi wake: injini, mafuta na barafu. Sasa kuna cha nne, kipima kina. Hiki kinastahili kufikiriwa zaidi kuliko vile vingine, kwa sababu anayekilipia ndiye anayeamua, apende asipende, samaki watavuliwa kwa njia gani.

Kifaa chenyewe hakina uchawi. Kichwa chake kilichofungwa chini ya chombo hupiga sauti majini. Sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, hugonga sakafu ya bahari na kurudi, na muda huo ndio unaogeuzwa kuwa kina kwenye kioo. Wazee walipima kwa bildi, ile risasi iliyofungwa kamba, wakihesabu pima. Lakini bildi haikuonyesha kilichokuwa katikati. Kwenye kioo mchanga huonekana kama mstari ulionyooka, meli iliyozama huinuka ghafla kama kilima, na juu yake samaki hujitokeza kama pinde ndogo.

Hata hivyo, kinachoonekana ni sehemu ndogo. Kwa masafa ya kilohezi 200 yanayotumika sana kwenye maji yasiyo marefu, kifaa huona upana wa mita kumi hivi katika kina cha mita 30. Aliyepita mita 40 pembeni mwa meli haioni. Ndiyo maana kipima kina bila GPS ni nusu ya kazi, na ndiyo maana namba za mahali meli ilipolala hufichwa kama alama za mnazi na mnara zilivyofichwa zamani.

Samaki hufuata kivuli, mapango na chakula kwenye mabaki ya meli. Dania, meli ya zamani ya kubebea ng'ombe, ilizamishwa makusudi mwaka 2002 nje ya Bamburi, Mombasa, ili iwe mwamba, na wapiga mbizi huitembelea. Si kila meli ni ya kuvuliwa, lakini. MV Spice Islander iliyozama Septemba 10, 2011 kati ya Unguja na Pemba ni kaburi la mamia ya watu.

Tatizo ni kwamba kwenye mwamba mpana samaki wametawanyika, ila kwenye meli wamejikusanya mahali padogo panapoweza kumalizwa. Chewa hukua polepole, na jamii zake nyingi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakubwa hugeuka madume. Wakiondolewa wakubwa wote ndani ya msimu mmoja, mbegu imeondoka nao. Kioo kitaendelea kuonyesha pinde za wadogo, na mvuvi ataendelea kuamini kwamba bado wapo.

Kibaya zaidi ni wavu. Mwenye deni la mashine hushawishika kuuzungusha juu ya meli. Wavu hunasa kwenye chuma, hukatika na kubaki chini, na nailoni haiozi upesi. Unaendelea kuua samaki ambao hawatauzwa na mtu yeyote, huku bei ya wavu mpya ikiongezwa kwenye deni lilelile.

Mshipi hauleti hasara hiyo. Nanga hutupwa upande mkondo unakotoka, kamba huachiwa taratibu hadi chombo kisimame juu ya meli, na ndoana hushushwa karibu na chuma bila kukigusa. Hupanda samaki mmoja mmoja, mzima, anayekubalika sokoni kuliko aliyesongwa wavuni tangu usiku.

Jambo hili halikomi mpakani. Kwa vizazi wavuvi wa Pemba wamefuata kaskazi hadi kwenye madago ya pwani ya Kenya. Mfumo Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humsaidia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, mradi bidhaa imo kwenye orodha na imetoka ndani ya Jumuiya. Kipima kina cha Taiwan au China hakipati cheti hicho, hata kikiwa kimoja tu cha mwenye ngalawa. Atakayefika Lungalunga akidhani kwamba karatasi za samaki zitakifunika, anajitafutia kunyang'anywa. Nchi wanachama zingefanya vyema kukubaliana kwamba kifaa kimoja cha mvuvi mdogo ni zana ya kazi, kivuke naye bila bughudha.

Lakini wafanyabiashara wasisubiri Arusha. Anayekopesha kipima kina leo anaweza kuweka sharti lake mwenyewe: juu ya meli ni mshipi tu, na chewa mdogo arudishwe. Akinunua mzigo wenye alama za wavu, ajue kwamba anakula mtaji wake. Malipo ya deni nayo yafuate mzigo: fungu la kila safari, si kiasi kilekile kila Ijumaa hata kusi ikiwa imekaza.