Aliyeinuliwa kwa Nyimbo za Aibu



Wapendwa katika Kristo, juma hili tunatafakari maisha ya Andre Williams, mwimbaji wa Marekani aliyefariki dunia huko Chicago mwezi Machi 2019, akiwa na umri wa miaka 82. Alizaliwa Alabama, akapata jina Detroit katika miaka ya 1950 kwa nyimbo za R&B kama “Bacon Fat”. Alishiriki pia kutunga “Shake a Tail Feather”, wimbo ambao Ray Charles aliuimba katika filamu The Blues Brothers ya mwaka 1980. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1980, wakati watu wakiucheza wimbo huo, mtunzi wake alikuwa ameangushwa na dawa za kulevya. Hakuwa na makazi, akawa anaomba pesa mitaani Chicago.

Miongoni mwa waliomshika mkono walikuwa wanamuziki wa roki ya gereji, muziki wa magitaa yanayokwaruza, ulioanzia katika gereji za nyumbani. Mwaka 1998 alitoa albamu “Silky” pamoja na Mick Collins na Dan Kroha, wapiga gitaa wa Detroit wenye umri wa kuwa wanawe. Tusifichane: maneno yake ni ya aibu. Mzee aliyepita miaka 60 anajisifia tamaa za mwili kwa lugha tusiyoweza kuirudia hapa. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso juu ya maneno ya namna hiyo (Efe 5:4), na onyo hilo halijazeeka. Hatuipendekezi albamu hiyo kwa yeyote.

Hata hivyo, kabla ya kuokota jiwe, tujiulize: ni nani aliyesimama penye njia ya mzee huyu? Wanamuziki wale hawakumtupia sarafu wakapita. Walilikumbuka jina lake, wakaketi naye, wakampa kazi. Katika hilo walimkaribia Msamaria Mwema kuliko wengi wetu tunaotoka Misani tukiwa tumekunja uso mbele ya mwombaji.

Kasoro yao, kwa maoni yetu, ni nyingine: walimwinua mtu, lakini wakamtaka auze jeraha lake. Kipaji chake hakikuwa uchafu tu. Mwaka 1999 aliimba muziki wa kantri pamoja na kundi la The Sadies la Kanada. Na kazi peke yake haikumponya. Filamu ya maisha yake ya mwaka 2008 ilimwonyesha akiwa bado anapambana na ulevi.

Ndugu wapendwa, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo wapo wazee waliowahi kuimba kwaya, kupiga kinanda au kufundisha katekisimu, ambao leo tunawakuta vilabuni na kuwacheka. Tusipowaita sisi, watawaita wengine, na watawaitia kile kilicho duni ndani yao. Basi juma hili kila Jumuiya imtafute mmoja. Tusianze kwa kumhubiria. Tumwombe atufundishe wimbo.

Mungu atujalie macho ya kumwona aliyeanguka, na mikono isiyoogopa kuchafuka. Amina.